Geuza tangazo la kazi liwe maswali ya usaili

Ukiitwa kwenye usaili, rudi kwenye tangazo lenyewe, chukua sehemu ya majukumu ya kazi, na kila mstari ugeuze uwe swali. Tangazo la mtunza stoo likisema "kutunza kumbukumbu za vifaa", jiulize: leja ikionyesha katoni 40 na kwenye rafu ziko 37, utaanzia wapi? Jibu kwa sauti huku simu ikirekodi, na kila jibu libebe tukio moja ulilolifanya kweli, hata kama ni la wakati wa mafunzo kwa vitendo. Kisha jisikilize. Ukisikia "tulifanya, tulishirikiana" mfululizo bila kujulikana wewe ulifanya nini, rudia.

Inasaidia kwa sababu wasaili wanatafuta mtu wa kazi iliyotangazwa, na majukumu yale ndiyo yanayowapa pa kuanzia kuuliza. Sehemu ya kusema kwa sauti usiiruke kabisa. Jibu lililonyooka kichwani mara nyingi hukwama mdomoni.

Tangazo likiwa na mistari miwili tu, mbinu hii haikufikishi mbali; tafuta tangazo la nafasi kama hiyo kwa mwajiri mwingine. Usikariri neno kwa neno pia, swali likigeuzwa kidogo utapotea. Na tangazo lihifadhi siku ileile unayoomba: mengi huondolewa muda wa maombi ukiisha, na kwa nafasi za Sekretarieti ya Ajira (chombo kinachosimamia ajira za utumishi wa umma Tanzania) unaweza kuitwa wiki nyingi baadaye.