Kufuma sweta la vifungo kuanzia shingoni: hesabu inaanzia kwapani

Sweta la vifungo linalofumwa kutoka shingoni kushuka chini halina vipande vya kuunganisha, na unalijaribu mwilini likiwa bado sindanoni. Ndiyo maana halihitaji kielelezo cha kufuata. Linachohitaji ni tepu ya fundi cherehani, kalamu, na subira ya kufuma kipande cha majaribio.

Kwa joto la Mtwara mjini au Lindi, chukua uzi wa pamba. Akriliki, uzi wa kiwandani usio wa asili, ni rahisi kwa bei lakini hainyonyi jasho. Hiyo mwachie anayepanda Newala mwezi wa Juni au Julai, ambako asubuhi kuna baridi ya kweli. Sweta la mtu mzima mwenye kifua cha sentimita 92, kwa uzi wa unene wa kati, linakula mita 1,000 hadi 1,100. Nunua zote siku moja na ulinganishe namba ya rangi kwenye karatasi ya kila kipira. Bluu mbili za namba tofauti dukani zinafanana, juani zinaonekana kama kiraka.

Sindano ziwe za mviringo, zenye waya wa sentimita 80: moja ya milimita 4.5 kwa mwili, nyingine ya milimita 4 kwa kingo. Spoku ya baiskeli, ambayo wengi hufumia, ina milimita 2 tu. Hapa ni nyembamba mno. Alama za kutenganisha sehemu kata kwenye mrija wa soda, vipete vya upana wa milimita 3. Na kwa kushikilia vitanzi vinavyosubiri, hakuna kinachoshinda mshipi wa kuvulia: ni laini, haunasi nyuzi, na vitanzi vinarudi sindanoni bila kugombana.

Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, ukifue, ukianike, ndipo uhesabu sentimita 10 za katikati. Usihesabu kabla ya kufua, kwa sababu pamba hubadilika ikishalowa. Tuseme umepata vitanzi 20 kwa upana na mistari 28 kwa urefu, yaani vitanzi 2 kwa kila sentimita. Ukipuuza hatua hii na mkono wako ukawa unatoa 21, sweta lote litapungua karibu sentimita 5, na vifungo havitafika.

Sasa hesabu, na hapa wengi hukosea kwa kuanza na shingo. Anza na kwapa, kisha urudi juu. Kifua 92, ongeza 8 za kupumua: 100. Mkanda wa vifungo utachukua 3, zinabaki 97, yaani vitanzi 194. Mgongo upewe 98, kila upande wa mbele 48. Mkono wa juu una sentimita 30, ongeza 4: 34, yaani vitanzi 68. Chini ya kila kwapa utaanzisha vitanzi 8 vipya, na kutoka bega hadi kwapa utaongeza mara 27. Kila mara huongeza viwili mgongoni na viwili kwenye kila mkono, jumla 54 kwa kila sehemu. Kwa hiyo mgongo unaanza na 98 kutoa 54 kutoa 8, ambavyo ni 36; mkono unaanza na 68 kutoa 54 kutoa 8, ambavyo ni 6. Kila upande wa mbele upe 2 tu, kwa sababu shingo itakuwa ya V na itajiongeza yenyewe.

Anzisha basi vitanzi 52, kwa mpangilio huu: 2, alama, 6, alama, 36, alama, 6, alama, 2. Rudi mstari mmoja wa kinyume, kisha anza kuhesabu: mistari ya uso, yaani upande utakaoonekana nje, ni 1, 3, 5 na kuendelea.

Kwenye mistari ya uso ongeza kitanzi kimoja kabla na kimoja baada ya kila alama, jumla 8. Kuna namna mbili. Ukinyanyua uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, ufume kwa nyuma ili usokoteke. Usipousokota unaacha tundu. Au zungusha uzi juu ya sindano makusudi, upate safu ya vitundu vinavyoshuka kutoka shingoni hadi kwapani. Kwa hewa ya pwani, hii ya pili ndiyo yenye akili.

Pembeni mwa shingo, ongeza kitanzi kimoja kila upande kwenye mstari wa 3, wa 7, wa 11, kila baada ya mistari minne. Nyongeza mbili za mwisho za mabega, zile za kwenye alama, ziachanishe kwa mistari minne badala ya miwili. Utafika mstari wa 58, karibu sentimita 21, ukiwa na vitanzi 296: 43 kila upande wa mbele, 60 kila mkono, 90 mgongoni.

Simama hapo. Hamishia vitanzi vyote kwenye mshipi mrefu, vaa, jitazame. Alama za mbele na nyuma zikutane kwapani bila kuvutana. Zikivutana, ongeza mistari bila kuongeza vitanzi. Mikono ikijaa kama puto, fumua mistari michache, usimamishe nyongeza za mikono na kuacha za mgongo na mbele ziendelee.

Likikaa vizuri, mstari wa 59 fuma upande wa mbele ukiweka nyongeza ya mwisho ya shingo, weka vitanzi 60 vya mkono kwenye mshipi, anzisha 8, fuma mgongo, rudia upande wa pili. Lazima upate 194. Shuka sentimita 26, kisha sentimita 6 za viwili vya kawaida na viwili vya kinyume kwa sindano ndogo. Ukitumia pamba, punguza sentimita 2 au 3 za urefu. Uzito wake utazirudisha wenyewe ukivaa.

Mkono: rudisha sindanoni vitanzi 60 vilivyo kwenye mshipi, okota vitanzi 8 vya kwapa pamoja na kimoja cha ziada kila kona, na mzunguko unaofuata kiunganishe na jirani yake. Bila hivyo tundu la kwapa halikwepeki. Fuma mizunguko 10, kisha punguza viwili kila mzunguko wa 8 mara 12, ubaki na 44, umalizie na sentimita 5 za mkanda. Ukifuma kwa duara, mkono wako huenda ukakaza kuliko ulivyofuma kwenda na kurudi, pima mapema.

Mkanda wa mbele okota vitanzi 3 kwa kila mistari 4, kama 111 kila upande, na 48 nyuma ya shingo: jumla 270. Ukiokota kwenye kila mstari, ukingo unajikunja kama ukindu mbichi. Ukiokota vichache, sweta linapanda mbele. Fuma mistari 8. Kwenye wa 4 toboa vitundu vitano upande wa kulia: cha kwanza sentimita 1.5 kutoka chini, vingine kila sentimita 7.5, kwa kuzungusha uzi na kuunganisha viwili vinavyofuata. Vifungo vya kifuu vinafaa kwa kuwa ni vyepesi.

Msimu wa korosho usifumie karibu na mabibo, doa la maji yake halitoki. Na likishafuliwa, likamue ndani ya taulo, ulilaze bapa kwenye mkeka kivulini. Kwenye kamba litashuka hadi magotini.