Bangkok: panda boti ya bendera ya rangi ya chungwa

Ukifika Bangkok na unataka kwenda kwenye mahekalu ya Wat Pho au Wat Arun, shuka treni ya BTS kituo cha Saphan Taksin, teremka hadi gati la Sathorn, kisha usubiri boti yenye bendera ya rangi ya chungwa. Ndiyo wanayopanda wenyeji. Nauli yake ni ile ile hata ukienda mbali, na iko chini sana kuliko ya boti ya watalii yenye bendera ya bluu, ingawa mto ni ule ule wa Chao Phraya na mahekalu utayaona yale yale. Foleni za barabarani hazikuhusu. Beba sarafu: kondakta hupita na kopo refu la chuma akilichezesha kwa mlio, ndimo zilimo hela na tiketi. Karibu na gati lako, sogea mlangoni mapema, maana boti hugusa gati kidogo tu na kuondoka. Jioni njia hii haikufai, huduma huisha mapema. Ukiwa na masanduku makubwa pia, chukua teksi.