Oili kwenye tairi la nyuma la pikipiki: itafute ilikoanzia

Dereva akikuta rimu imelowa oili, neno la kwanza kijiweni ni "sili imekufa". Mara nyingi sili (pete ya mpira inayozuia oili isivuje) ni nzima, na oili yenyewe ni ile aliyopaka kwenye cheni jana yake. Lakini zipo nyakati grisi imeingia kwenye drumu (bakuli la chuma katikati ya tairi ambamo breki hushika) na pikipiki inakataa kusimama. Dalili hizo mbili kwa macho zinafanana sana, ndiyo maana usifungue hata nati moja kabla hujajua inatoka wapi. Naongelea Boxer, TVS na pikipiki nyingine za biashara za aina hiyo: cheni iko kushoto, breki ya nyuma ni ya drumu na fimbo yake iko kulia.

Hatua ya 1: Pima breki, angalia raba

Zima injini, isukume pikipiki kwa mkono, kisha kanyaga breki ya nyuma. Kama tairi linaendelea kuzunguka ingawa umekanyaga, au ulipotoka njiani ulisikia harufu ya kuungua, usiipande tena mpaka drumu ifunguliwe. Kagua pia raba yenyewe. Oili iliyokaa pembeni mwa tairi haikusumbui ukienda moja kwa moja. Itakuangusha ukilaza pikipiki kwenye kona. Isugue kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Petroli iache, inaharibu raba.

Hatua ya 2: Usioshe bado

Kosa kubwa la mafundi wengi ni kuanza na maji. Ule uchafu ndio utakaokueleza habari yote, kwa hiyo usome ukiwa bado upo.

Tazama upande. Uchafu wa kushoto peke yake unaelekea kwenye cheni au sproketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta cheni kwenye injini). Wa kulia, karibu na mkono wa breki, unaelekea ndani ya drumu. Kisha tazama michirizi kwenye spoku. Tairi likizunguka hurusha kila kitu kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo michirizi inayoanzia kwenye habu (kitovu cha tairi) maana yake chanzo ni habu. Kama habu ni kavu na rimu peke yake ndiyo imechafuka kwa matone, oili imerukia pale kutoka mahali pengine.

Halafu ishike kwa vidole. Nyeusi, nzito, yenye mchanga ni ya cheni. Nyepesi inayoteleza, yenye rangi ileile unayoiona ukipima oili ya injini, inatoka kwenye injini. Grisi iliyoyeyuka huwa ya kahawia na hunata. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye beringi, na hilo hutokea sana kwa pikipiki zinazooshwa kwa mashine ya presha huku mpira wa maji umeelekezwa katikati ya habu.

Hatua ya 3: Sasa osha, kausha, paka poda

Ondoa uchafu wote kwa dizeli au mafuta ya taa na brashi, malizia kwa sabuni, kausha kwa kitambaa. Wakati wote huo injini iwe imezimwa. Kusafisha cheni inayozungushwa na injini kumewakata watu vidole, na hakuna haraka inayostahili kidole.

Kisha nyunyiza poda ya mtoto chini ya kava la sproketi ya mbele, kuzunguka habu na chini ya shokapu. Usiipeleke ndani ya breki. Endesha taratibu mtaani, rudi, tazama: mahali poda ilipolowa kwanza, tena juu kabisa, ndipo penye tatizo. Oili hushuka na kurudi nyuma, haipandi.

Hatua ya 4: Cheni

Kama poda ni kavu kila mahali na rimu imepata matone upya, basi ni cheni. Oili chafu ya injini ni nyepesi, cheni huirusha yote. Tumia oili ya gia au ya cheni, paka kidogo upande wa ndani wa cheni ya chini, jioni baada ya kazi, na ufute iliyozidi. Asubuhi itakuwa imeshaingia kwenye pini.

Hatua ya 5: Sproketi ya mbele

Hapa ndipo watu hudanganyika. Sili ya shafti inayobeba sproketi ikivuja, oili hupakwa kwenye cheni, na cheni huipeleka hadi nyuma. Dereva anaona rimu imelowa ilhali tatizo liko kwenye injini. Dalili nzuri ni hii: hujapaka cheni siku nyingi, lakini iko laini na inang'aa, na oili ya injini inapungua.

Fungua kava, safisha, washa injini ikiwa nyutro, kisha izime na uangalie nyuma ya sproketi kwa tochi. Usiihukumu sili ya sproketi haraka, kwa sababu shafti ya pedali ya gia nayo ina sili yake hapo karibu, na swichi ya nyutro pia huvuja.

Ukibadilisha sili, itoe kwa bisibisi ndogo bila kukwaruza shafti. Mpya ipake oili kidogo mdomoni, upande wenye springi uingie ndani, uigonge kwa usawa. Halafu pima cheni. Ikikazwa mno huvuta shafti, hula beringi na kuua sili mpya. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka ichezee kati ya milimita 20 na 30, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata.

Hatua ya 6: Shokapu na mpira wa pumzi

Fimbo ya shokapu ikiwa na utando mwembamba wa vumbi, haina shida. Ikichuruzika na nyuma ikadunda bila kutulia, badilisha zote mbili. Mpira wa pumzi wa injini (bomba dogo la kutolea hewa) ukitema oili, pima kwanza kiwango, pikipiki ikiwa wima. Mara nyingi imejazwa kupita kiasi.

Hatua ya 7: Habu na drumu

Weka stendi kubwa, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza peke yake, beringi imekwisha. Likicheza pamoja na mkono wa chuma wa pikipiki unaolishika, tatizo ni bushi za mkono huo. Lizungushe pia: mlio wa mchanga unatosha kukuambia.

Fungua drumu. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu, si la kuvuta kifuani. Lifute kwa kitambaa kibichi. Grisi ikiwa upande wa kamu (kipande kinachotanua breki shuu) tu, kuna fundi aliyepaka nyingi. Ikitokea katikati, badilisha beringi na sili zake kwanza.

Breki shuu zilizolowa grisi zitupe. Najua wengi huzichoma kwa petroli na kuzipiga msasa. Zitashika leo, lakini grisi iliyozama ndani hutoka tena zikipata moto, yaani pale unaposhuka mlima na abiria. Drumu yenyewe ioshe kwa sabuni na maji ya moto, ikauke kabisa.

Ukishafunga, rekebisha fimbo ya breki ili pedali ishuke sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijashika, uhakikishe tairi linazunguka bila kugusa. Paka poda tena kwenye habu na umwambie dereva arudi kesho uikague.