Kumrekodi mzee aliyeitwa mchawi: ficha sura kabla ya kubonyeza kamera

Kilifi, pwani ya Kenya, mvi zinaweza kumponza mtu. Mzee anaitwa mchawi, mara nyingi na watu wa damu yake, na ukichimba kidogo unakuta shamba: kuna anayetaka kuliuza, na mwenye shamba bado anapumua. Baadhi ya wazee wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee kama hao kule Ganze, wengine wamejificha kwa ndugu. Hao ndio ninaowapiga filamu za hali halisi, na utaratibu huu niliupata kwa kukosea.

Nilimrekodi bibi mmoja uani kwake, mchana kweupe, nikijiambia nitamtia ukungu usoni wakati wa kuhariri. Nikautia kweli. Filamu ilipoonyeshwa, siku mbili hazikupita mwanawe akajua ni mamake. Uso haukuonekana, lakini kanga ilisomeka. Jina la kanga hiyo silitaji hapa, maana kijijini kwao ni yeye peke yake aliyekuwa nayo. Ilibidi ahamishwe usiku.

Hatua ya 1: Nenda bila kamera

Siku ya kwanza ni ya shikamoo na kukaa. Mweleze filamu itafika wapi, tena kwa maneno ya nyumbani. Ukisema "itaonyeshwa kwenye mtandao" hujasema kitu. Sema: "Bibi, mjukuu wako aliye Mombasa ataiona kwenye simu. Na yule aliyekufukuza ataiona pia." Kisha nyamaza, umwache afikirie. Akikubali papo hapo, rudi siku nyingine umuulize tena.

Kama anazungumza Kigiriama na wewe hukijui, tafuta mkalimani asiye wa ukoo wake wala wa kijiji chake. Kibali cha Bodi ya Kuainisha Filamu uwe nacho, na chifu ajue kwamba uko eneo lake. Nyumba unayoingia haimhusu.

Pesa? Silipii simulizi. Nauli, chakula na kibarua alichokiacha siku hiyo nalipa, na nalipa hata akighairi.

Hatua ya 2: Mfiche ndani ya kamera

Hapa ndipo wengi wanapolegea. Ukungu unaotiwa baadaye unamlinda kwenye nakala moja tu. Picha asili yenye uso wake inabaki kwenye diski, na diski huibwa.

Mkalishe chumbani, mlango wenye mwanga ukiwa nyuma yake, na kamera ikimtazama kutoka gizani. Pima mwanga kwa kufuata ule wa nje, sura ibaki nyeusi. Usiishie hapo. Kamera za siku hizi huhifadhi mengi kwenye giza, kwa hiyo piga sekunde kumi za majaribio, zifungue kwenye kompyuta, kisha inua mwanga mpaka mwisho. Pua ikijitokeza, mgeuze akupe kisogo, au piga mikono tu. Hata mikono ichunguze: kovu, pete, kidole kilichopinda.

Mvishe kanga ya kuazima. Tazama ukuta, kalenda, kiti, mwembe dirishani. Mgeni haoni kitu hapo, ila jirani anaona nyumba ya fulani.

Hatua ya 3: Sauti

Kuifanya sauti iwe nzito kwa programu hakutoshi, kwa sababu anayejua kazi anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Andika maneno yake, umpe mtu mwingine wa rika lake ayasome, na mtazamaji aambiwe hivyo. Utapoteza kigugumizi na pumzi, na mhariri wako atanung'unika. Mwache anung'unike.

Hatua ya 4: Maswali

Usianze na usiku wa mapanga. Muulize shamba lilianzaje, alipanda nini, minazi ni ya nani. Simulizi ya ardhi italeta yenyewe siku ya kufukuzwa, naye ataifikia kwa mwendo wake. "Ulijisikiaje?" ni swali la mvivu. "Siku hiyo ulikuwa umepika nini?" humpa mahali pa kushika. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akilia, zima kamera kwanza ndipo uulize kama aendelee, maana wengi huitikia ndiyo kwa heshima tu taa nyekundu ikiwa bado inawaka. Na usimwache kwenye usiku ule. Mrudishe kwanza kwenye mambo ya leo: kuku, mvua, wajukuu.

Hatua ya 5: Wanaotuhumu

Wahoji, la sivyo filamu itakuwa na machozi bila chanzo. Lakini kumbuka kwamba sheria ya uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inamtia hatiani pia anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Kijana akitaja jina mbele ya kamera, umebeba ushahidi, na umebeba jina la mtu. Likate jina. Mimi huwahoji hao mwisho kabisa, nikiwa nimekwisha kumaliza kwa mzee, nisije nikamwongoza mtu hadi mlangoni pake.

Hatua ya 6: Kadi ya kamera na diski

Funga diski kwa nenosiri. Faili zipe namba, na daftari la majina likae nyumba nyingine. Simu yako ya picha za pembeni zima kwanza kipengele cha mahali, kwa sababu picha hubeba ramani.

Hatua ya 7: Mrudishie aione

Kabla mtu mwingine yeyote hajaiona, mpelekee filamu nzima na mwombe ridhaa kwa mara ya tatu. Akikataa, simulizi yake inaondolewa. Kaa naye, usimtumie kwa simu ya mjukuu.

Bibi mwingine nilimwonyesha kazi niliyodhani ni safi: giza, sauti ya kuazima, ukuta mtupu. Akatazama hadi mwisho, akaomba nirudishe nyuma kidogo. "Mwanangu, huyo jogoo mtoe. Ni wa jirani yangu, yeye huwika saa nane mchana. Kijiji kizima kinamjua."

Nikamtoa.