Kukata katikati kidonge cha nguvu za kiume bila kuvuruga dozi

Kukata kunafaa pale daktari anapokuandikia dozi ndogo kuliko vidonge ulivyo navyo. Sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra) ya miligramu 100 hutoa mbili za 50. Tadalafili (iliyomo kwenye Cialis) ya 20 hutoa mbili za 10. Ukiwa unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama nitrogliserini, usimeze kabisa vidonge hivi vya nguvu za kiume. Hata nusu inaweza kushusha presha kwa kiwango cha kuua.

1. Hakikisha kidonge ni cha kukatwa

Vidonge vya kawaida vya sildenafili na tadalafili vina utando mwembamba wa nje, na kuuvunja hakuharibu namna dawa inavyofanya kazi mwilini. Usikate kapsuli wala vidonge vya kuyeyuka ulimini, maana hivyo husagika na kunyonya unyevu. Kidonge kisicho na jina wala miligramu kwenye pakiti usikikate na usikimeze: nusu ya kiasi usichokijua bado ni kiasi usichokijua.

2. Pata kikata vidonge

Kile chenye kona ya umbo la V na wembe kwenye kifuniko. Kisu cha jikoni hukitelezesha kidonge, na meno ndiyo mabaya kuliko vyote.

3. Kata

Hapa ndipo dozi huharibika. Vingi vya vidonge hivi havina mstari wa kukatia, kwa hiyo kipimo ni jicho lako. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Kidonge chenye umbo la almasi au lozi kisukume ncha mbele mpaka kigote kwenye kona ya V, ili wembe upite kwenye upana wake. Ukikikata kwa urefu kitayumba na kumeguka.

Kabla ya kushusha kifuniko, tazama kwa juu kabisa, si kwa ubavuni, uone kama wembe uko katikati. Kisha shusha kwa nguvu, mara moja. Ukibonyeza polepole, kidonge hupasuka kabla wembe haujafika chini, na ufa hujiendea unakotaka. Wembe butu hufanya vivyo hivyo. Ukianza kuona unga mwingi kila ukikata, nunua kifaa kipya.

Linganisha vipande. Kidonge cha 100 kikikatika theluthi moja kwa mbili, umepata takribani 33 na 67, si 50 na 50. Kwa anayemeza tadalafili kila siku, tofauti ndogo hujisawazisha, kwa sababu dawa hiyo huchukua kama saa 17 na nusu kupungua nusu katika damu: leo kipande kikubwa, kesho kidogo. Sildenafili hupungua nusu kwa takribani saa 4, kwa hiyo kosa la leo utalisikia leo.

Ndiyo maana aliyeandikiwa 25 kwa sababu ya umri unaozidi miaka 65, ugonjwa wa ini, au dawa za tezi dume zinazoshusha presha, namshauri anunue vidonge vya 25 vilivyotoka kiwandani hivyo. Na mtu yeyote asikate kidonge cha 100 vipande vinne. Kosa la mkato wa kwanza huongezewa la pili.

4. Hifadhi nusu

Kata kimoja tu. Nusu iliyobaki iwe dozi inayofuata, ndipo ukate kingine. Iweke kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko, uandike jina, miligramu na tarehe, kwa kuwa maandishi ya kidonge huwa yamekatika. Kiwe mbali na watoto, na kisikae bafuni.

5. Meza

Kwa maji; upande uliokatwa ni mchungu. Sildenafili humezwa kama saa moja kabla, mara moja tu kwa siku, na mlo wa mafuta mengi huichelewesha. Ukiona kimya, usiongeze ile nusu nyingine kwa kujiamulia. Rudi kwa daktari. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, nenda hospitali mara moja. Ukipata maumivu ya kifua, nenda pia, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe jina la dawa uliyomeza na saa uliyoimeza, asije akakupa naitreti.