Kwenda Shimo la Mungu, Newala: panda hivi, shuka hivi

Kama upo Mtwara mjini au Lindi na unatamani milima, usianze kuwaza nauli ya Moshi, panda kwanza Newala. Mji upo juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 toka usawa wa bahari, halafu pale mji unapoishia ardhi inakatika ghafla, ndo panaitwa Shimo la Mungu. Chini bonde la Ruvuma lote, ng'ambo kule Msumbiji. Bibi mzaa mama ni wa huko, nimefika mara nyingi, na kila nikifika nanyamaza kwanza.

Njia zipo mbili. Ya Nanyamba na Tandahimba ndo fupi, lami ipo toka Mtwara mpaka Mnivata kilomita 50, mbele ya hapo ulizia stendi barabara ikoje maana ujenzi umechukua muda na mvua ikipiga ni tope. Nyingine inapita Mnazi Mmoja, Ndanda mpaka Masasi kwa lami halafu ndo unapanda Newala, ndefu kweli ila unaviona vile vilima vya mawe vya Masasi. Nenda na moja, rudi na nyingine.

Lala Newala usiku mmoja, hili nalisisitiza. Watu wanafika saa sita mchana, jua kali, bonde limejaa weupe, wanapiga picha mbili wanaondoka wanasema mbona kawaida. Fika saa kumi na mbili asubuhi ukute ukungu umelala chini yako na wewe upo juu yake, unafunguka polepole, kwanza vilele vya miti, afu mashamba, afu moshi wa jikoni kwa watu. Juni mpaka Agosti beba sweta, baridi ya Newala siyo ya pwani. Boda yeyote mjini anapajua, mwambie tu Shimo la Mungu. Watoto washikwe mkono muda wote.

Maporomoko ya maji usitegemee huku. Juu kote ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama, yanakuja kutokea chini kwenye miguu ya uwanda. Ndo maana kina bibi zamani walikuwa wanashuka bondeni na kurudi na mtungi kichwani, kabla maji hayajaanza kupampiwa kupandishwa juu. Kwa hiyo hivyo vijia unavyotembea leo kwa starehe ni vya maji, vipite kwa heshima.

Ukitaka kushuka tafuta mwenyeji, mlipe mkielewana kabisa kabla ya kuondoka, na upite kwa mtendaji wa kijiji ujitambulishe, kitambulisho cha NIDA mfukoni, maana huku ni mpakani. Mtoni kabisa usiende bila wao kukuruhusu. Maji lita mbili kila mtu. Anza saa kumi na mbili na nusu, saa nne uwe ushaanza kupanda, maana kushuka kunadanganya, kazi ipo kwenye kupanda. Mimi na binamu yangu tulishuka saa saba mchana na chupa moja ya nusu lita, kurudi akaanza kutapika, miguu haina nguvu, tulisaidiwa na mama mmoja anatoka kukata kuni akatupa maji ya kwenye kidumu chake yote, yeye akabaki hana. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikiwa nyingi baki juu tu, udongo unateleza.

Mkipishana na wazee njiani shikamoo kwanza, picha baadaye na kwa kuomba. Msimu wa korosho, Oktoba Novemba hivi, utapita katikati ya mashamba ya watu: bibo, lile tunda la mkorosho, ukiomba utapewa, korosho usiokote hata moja, hiyo ndo ada ya mtoto wa mtu. Ukirudi mjini ulizia ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, kula ingali ya moto.