Kupanga namna ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi kwenye mradi wa maliasili: anza na maamuzi, ramani zifuate

Mipango mingi ya aina hii huanza kwa ripoti nene ya tathmini, ramani za rangi nyekundu na njano, kisha shughuli zilezile za siku zote: miche, mafunzo, kamati. Ripoti haikubadilisha lolote kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema ni uamuzi gani unategemea tabianchi. Mpangilio ulio hapa chini unaanzia kwenye uamuzi. Unafaa kwa misitu, malisho, vyanzo vya maji, mikoko na uvuvi.

Hatua ya 1: Orodhesha maamuzi na umri wake

Chukua mpango kazi wa mradi na uandike kila shughuli kwenye jedwali la safu tatu: matokeo yake yatadumu miaka mingapi, je, yanaweza kurekebishwa baadaye, na nani ana mamlaka ya kuyarekebisha. Ratiba ya kitalu ina umri wa msimu mmoja. Mpango wa malisho, miaka mitatu hadi mitano. Lambo, miaka 25 au zaidi. Msitu wa mbao, miaka 30 na kuendelea.

Jedwali hili litakuokolea kazi nusu. Shughuli za umri mfupi hazihitaji utabiri wa mwaka 2050; zinahitaji utabiri wa msimu na mtu wa kuusoma. Nguvu ya uchambuzi ipeleke kwenye mambo yatakayodumu na yasiyogeuzika kwa urahisi: miundombinu ya maji, aina za miti, mipaka ya hifadhi, haki za matumizi.

Hatua ya 2: Soma tabianchi iliyopita, ila si jumla ya mwaka

Tumia takwimu za angalau miaka 30. Kipindi rejea cha sasa cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni 1991–2020. Pale ambapo vituo ni vichache, takwimu za CHIRPS, zinazochanganya satelaiti na vipima mvua, zinaanzia 1981, na kila mraba wake una upana wa takriban kilomita 5. Zilinganishe kwanza na kituo chochote kilicho karibu. Kwenye miinuko na pwani hukosea zaidi.

Jumla ya mvua ya mwaka haimsaidii sana mtu wa maliasili. Kokotoa vitu hivi: tarehe ya kuanza kwa mvua, urefu wa kipindi kirefu zaidi cha siku kavu ndani ya msimu, na idadi ya siku zenye mvua inayozidi milimita 20. Kwa tarehe ya kuanza, weka kanuni moja na usiibadilishe katikati. Kwa mfano, siku tatu mfululizo zenye jumla ya milimita 20, bila ukavu wa zaidi ya siku 10 katika mwezi unaofuata. Mvua za udanganyifu, zinazootesha kisha zikakatika, ndizo zinazoua miche. Jumla ya mwaka haiwezi kukuonyesha hilo.

Kagua takwimu kabla ya kuziamini. Makosa mawili hujirudia: siku zisizopimwa kuandikwa sifuri, na kituo kuhamishwa bila kumbukumbu. La kwanza huzaa ukame usiokuwapo. La pili hufanya joto lionekane limeruka au kushuka ghafla mwaka mmoja.

Hatua ya 3: Waulize watu, lakini si kuhusu tabianchi

Ukiuliza "mabadiliko ya tabianchi yamekuathirini vipi?", kila tatizo litajibiwa kwa tabianchi, hata lile la mgogoro wa mpaka. Uliza mambo yanayoshikika. Kisima hiki kilikauka mwezi gani mwaka jana? Na mwaka ule wa njaa? Mifugo ilipelekwa wapi? Nyasi gani haipo tena, na ilianza kupungua kabla au baada ya barabara kufika? Kaa na wafugaji peke yao, wakulima peke yao, wanawake wanaoteka maji peke yao. Majibu hutofautiana, na tofauti hizo zina habari nyingi kuliko yale wanayokubaliana wote.

Kisha weka majibu kando ya takwimu za hatua ya 2. Hapa ndipo penye faida kubwa ya kazi yote. Mvua ikiwa haijabadilika ila kisima kinakauka miezi miwili mapema, mtuhumiwa wa kwanza ni pampu zilizoongezeka juu ya bonde au dakio la maji (eneo ambalo mvua yake hutiririka kuelekea chanzo hicho) lililopoteza uoto. Ukiita hilo athari ya tabianchi, utatibu ugonjwa usio wenyewe. Na hata pale tabianchi inapohusika kweli, mara nyingi imeikuta maliasili iliyokwisha kudhoofishwa na kitu kingine. Kukiondoa kitu hicho huwa nafuu kuliko kuchimba kisima kirefu zaidi.

Hatua ya 4: Andaa hali tarajiwa mbili au tatu

Modeli za CMIP6, yaani modeli za kompyuta za tabianchi zilizokusanywa katika mradi wa kimataifa wa kuzilinganisha, hutumia njia kadhaa za uzalishaji wa gesijoto. Chukua angalau SSP2-4.5 (uzalishaji wa kati) na SSP5-8.5 (uzalishaji mkubwa sana), na modeli nyingi kwa kila moja. Kuhusu joto, modeli karibu zote huelekea upande mmoja. Kuhusu mvua, kwa sehemu nyingi za tropiki modeli hazikubaliani hata kama itaongezeka au itapungua.

Kosa kubwa hapa ni kuchukua wastani. Modeli moja ikisema mvua itaongezeka kwa 20% na nyingine ikisema itapungua kwa 20%, wastani ni sifuri, na mpango utaandikwa kana kwamba hakuna kitakachobadilika. Badala yake andika hali zote mbili: "joto na mvua nyingi za vishindo", "joto na ukavu mrefu". Ya tatu, kama unaihitaji, iwe hali ya sasa yenye mwaka mmoja mbaya na mwingine mbaya ukiufuata. Kila moja itoshee aya moja. Wasiwasi wa wahisani kwamba hii si sayansi ya kutosha hujibiwa kwa kuonyesha takwimu zilizo nyuma ya kila aya.

Hatua ya 5: Fuata mnyororo wa athari

Kwa mujibu wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, hatari hutokana na mambo matatu yakikutana: tukio la tabianchi, watu au mali zilizo kwenye njia yake, na udhaifu wao. Andika sentensi moja kwa kila maliasili: "Kipindi kikavu cha zaidi ya siku 20 kikitokea mwezi wa pili wa msimu, miche yenye mizizi ya chini ya sentimita 30 hufa, na kaya zisizo na haki ya malisho mengine huuza mifugo." Sentensi isiyo na kizingiti (kiwango ambacho kikivukwa madhara huanza) wala mwathirika haijakamilika.

Hatua ya 6: Pima chaguo kwa namba

Chukua lambo lenye dakio la hekta 12. Mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini) ukiwa 0.5 na mvua kali ya usanifu, yaani ile lambo linayojengwa kuihimili, ikiwa milimita 60 kwa saa, mtiririko wa kilele ni 0.5 × 60 × 12 ÷ 360 (360 ni ya kubadili vipimo), yaani mita za ujazo 1 kwa sekunde. Utoro wa maji ya ziada (njia ya kutolea maji lambo likijaa) wenye kina cha mtiririko cha mita 0.3 hupitisha takriban mita za ujazo 0.28 kwa sekunde kwa kila mita ya upana (1.7, kigezo cha utoro, × 0.3 kwa kipeo cha 1.5). Unahitaji upana wa mita 3.6.

Mvua kali za siku, kwa wastani wa dunia, huongezeka nguvu kwa takriban 7% kwa kila nyuzi 1 ya joto la dunia. Nyuzi 2 zaidi ya sasa ni kama 15%: upana wa mita 4.1. Ukijikinga kwa 30%, ni mita 4.7. Kupanua utoro kwa mita moja wakati wa ujenzi ni kazi ndogo. Kujenga upya tuta lililobomoka si ndogo.

Usidanganywe pia na maneno "mafuriko ya mara moja kwa miaka 50". Kwa lambo la miaka 25, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni 40%. Yakianza kuja kwa wastani wa mara moja kila miaka 25, ni 64%.

Kila chaguo likaguliwe kama linahamisha madhara kwa wengine. Kisima kwenye malisho ya kiangazi huvuta mifugo mwaka mzima na kumaliza akiba ile ile uliyotaka kuilinda. Miti inayokua haraka kwenye dakio kavu hunywa maji ya mto. Mikoko ikipandwa kwenye tope lililo chini ya usawa wa wastani wa bahari hufa karibu yote, kwa sababu kwa kawaida huota kati ya usawa huo na maji makuu. Kabla ya kupanda, rudisha njia za maji zilizozibwa.

Hatua ya 7: Weka vizingiti vya kuchukua hatua

Kwa kila hatari kubwa, andika kipimo, kiwango, mhusika na muda. Mfano: maji ya lambo yakishuka chini ya mita 1.2 kabla ya siku ya 45 ya kiangazi, kamati inafungua malisho ya akiba ndani ya siku 7. Kifungu cha fedha za hatua hiyo kiidhinishwe wakati mradi unasainiwa. Kikisubiri ukame, idhini huchelewa kuliko mvua.

Viashiria vya ufuatiliaji vifuate vizingiti hivyohivyo. "Idadi ya waliofunzwa" haikuambii lolote. "Kaya zenye maji ndani ya nusu saa ya kutembea siku ya 60 ya kiangazi" inakuambia. Pitia hali tarajiwa kila baada ya miaka mitatu, na vizingiti mara baada ya kila msimu mbaya, wakati watu bado wanakumbuka nani alichelewa na kwa nini.